Jina la Aliye Hai

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, wa kutumwa chumvi akarudi na kiberiti, mwaka ambao mdogo wangu aliyakataa majina yote tuliyomwitia. Tulikuwa tunaishi Buswahili, upande wa mto Mara, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Leo nakaa Kigera, hapa Musoma mjini. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na kazi yangu kila asubuhi ni kupima uzito na kuandika majina kwenye kadi. Kwa hiyo naomba msinicheke mapema. Nimesoma, nimefundishwa tumbo la mtoto mchanga linavyojaa gesi, na bado mambo ya wiki ile sijui niyaandike kwenye kadi gani.

Kina mama wa siku hizi wanakuja na majina kutoka kwenye simu. Orodha ndefu, jina huku na maana yake kule. Juzi mmoja aliniletea jina la nchi za mbali huko Afrika Magharibi, akaniambia maana yake ni mfalme aliyerudi, na hata kulitamka kulimshinda. Nikamwambia aniandikie kwenye karatasi, nikalinakili. Sina ugomvi nao, majina ni mazuri. Lakini wanachagua kama mtu aliyeingia dukani kununua kitenge, anaangalia rangi. Kwetu mtoto ndiye aliyekuwa anachagua.

Kwa ukoo wetu ilikuwaga hivi. Mtoto akizaliwa anapewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Wanawake wanakaa ndani na mzazi, mama anamweka mtoto kwenye titi, na mkubwa wao anaanza kuita majina ya marehemu, moja moja, bila haraka. Likiitwa jina mtoto akashika titi na kunyonya, hilo ndilo lake. Wengine walisema marehemu amerudi, wengine walisema amekubali tu kumtunza mtoto, na wazee wenyewe hawakuwahi kukubaliana, sembuse mimi. Mimi nililia siku mbili nikanyamaza kwa Nyanjara, jina la mama yake bibi, aliyezaliwa wakati wa njaa. Mwaka niliozaliwa mimi mahindi yalikosa pa kuwekwa, lakini jina ni jina. Shuleni kila nikipanga foleni ya uji walipiga kelele, "Mpisheni Njaa apite!"

Na kulikuwa na mwiko mmoja. Jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Watu wawili wa ukoo hawawezi kulivaa jina moja kwa wakati mmoja. Lazima mmoja amwachie mwenzake, na anayeachia ni yule mkubwa, kwa sababu mtoto mchanga anavuta kwa nguvu zaidi. Bibi alilisema hilo kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia tusiguse sufuria iliyo motoni.

Sasa nimtaje Mgendi, maana bila yeye hakuna habari. Bibi alizaa wengi wakakua wawili, Mgendi wa kwanza na baba yangu wa mwisho. Mgendi maana yake mtu wa kutembea, msafiri. Bibi alijifungulia njiani akirudi kutoka mnadani Butiama, chini ya kichaka, na kwa haraka ile hakuitiwa marehemu yeyote. Alipewa jina jipya kabisa ambalo hakuna mtu aliyewahi kulivaa. Majirani walikuja kusema baadaye kwamba kosa lilianzia hapo, kwamba mtoto hakuwa na mtu nyuma yake wa kumshika.

Miaka kumi na saba kabla ya habari hii, Mgendi akiwa kijana aligombana na babu. Babu alikuwa na mdomo mkali, alimwambia aondoke na asimwone tena. Asubuhi nguo zake zilikutwa ukingoni mwa mto, zimekunjwa juu ya jiwe. Mto ule una mamba. Watu walitazama nguo, wakatazama maji, hakuna aliyeuliza zaidi. Walikuja nyumbani kulia, na bibi akasimama mlangoni akawazuia.

"Viatu vyake viko wapi?" aliwauliza. Mgendi alikuwa na katambuga, vile viatu vya tairi, na havikuwepo pale kwenye jiwe. "Mtu anaenda kuoga na katambuga? Nionyesheni mtu huyo."

Hakuna aliyemwonyesha. Kwa hiyo hapakuwa na msiba. Bibi hakunyoa nywele, hakulia, hakukubali hata kigogo kizikwe badala ya mwili wa mwanawe. Babu alikufa na ubishi huo haujaisha. Nilipozaliwa nilikuta kigoda kimekaa mkono wa kulia wa mlango, cha Mgendi, hakikaliwi na mtu. Kila jioni bibi alikata kipande cha ugali akakiweka kwenye bakuli moja la bati lenye maua, akalifunika. Asubuhi alimpa mbwa. Mimi niliona kawaida, kama watoto wanavyoona kila kitu cha nyumbani kwao kuwa cha kawaida. Nilidhani kila nyumba ina bakuli la mtu asiyekuwepo.

Mdogo wangu alizaliwa Jumapili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, alitaka Danieli. Bibi akamwambia, "Huyo Danieli utampa huko kanisani kwako. Hapa nyumbani mume wangu atakuja na jina lake." Alimwita mume wangu kwa kuwa ni mjukuu wa kiume. Mimi aliniita mke mwenzangu, na tuligombania hata viazi vya kuchoma.

Jumatatu jioni mtoto akaanza kulia na akaacha kunyonya. Jumanne wanawake wakakaa. Bibi alianza na Magesa, jina la babu, la mavuno. Tulikuwa na hakika ni huyo. Mtoto akageuza shingo. Akaita Wambura, la mvua. Akaita Masatu, la chatu. Aliita hadi majina ambayo ilibidi afumbe macho kwanza ndipo ayakumbuke, ya watu waliokufa kabla ya shule, kabla ya kanisa, na kila jina mtoto alisukuma titi kwa kiganja.

Jirani yetu mama Bhoke, Mkurya, akasema, "Niwakopeshe Chacha? Kwetu wamejaa." Bibi akamjibu, "Akimkubali Chacha utamlea wewe na utamsomesha." Tukacheka wote. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka wiki ile.

Jumatano walimpeleka zahanati. Hakuwa na homa. Walitoa dawa ya gesi, wakamfundisha mama kukamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Alimeza vijiko vichache, vingine akavitema. Leo ningemwandikia mambo yaleyale. Wala siwalaumu.

Lakini kilio chake. Nimesikia watoto maelfu wakilia, ndiyo kazi yangu, na kile sijakisikia tena. Alilia, kisha akakata ghafla katikati, kama mtu aliyesikia anaitwa, akatazama mlangoni. Akingoja. Kisha akaanza upya. Najua mtoto wa siku nne haoni mlango, anaona ukungu wa uso wa mama yake tu. Hayo niliyasoma chuoni na nikayajibu kwenye mtihani. Nakwambia nilimwona, alikuwa anatazama mlango, tena upande wa kulia.

Alhamisi mchana mama alipitiwa na usingizi kwa uchovu. Baba alikuwa shambani, bibi alikwenda kuchuma majani ya dawa. Nikabaki na mtoto mgongoni, nikizunguka uani. Jua lilikuwa utosini, hakuna upepo, kuku wamejificha chini ya ghala na midomo wazi. Nilizunguka mpaka miguu ikauma. Nilikuwa mtoto, nilichoka, nikakaa kwenye kitu cha kwanza nilichokiona. Nilipokwisha kukaa ndipo nikajua nimekaa kwenye kigoda.

Mtoto akanyamaza.

Si kunyamaza kwa kulala. Nilimfungua nikampakata, macho yalikuwa wazi, yametulia, yanaangalia njia inayoshuka mtoni. Nikaogopa kuinuka. Nikaogopa pia kukaa. Mbwa wetu, aliyekuwa amelala kivulini, akainua kichwa. Akanyanyuka, akaja anatikisa mkia, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, pale ambapo ungekuwa uso wa mtu mzima kama angekuwa ameketi pale nilipoketi. Akalala miguuni pangu akaweka kidevu chini. Mbwa yule hakuwahi kunipenda, nilizoea kumtupia mawe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo langu. Sikulipanga. Niliinama sikioni mwa mtoto nikanong'ona kama mtu anayeuliza, "Mgendi?"

Alishusha pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua chake. Akakamata kidole changu akaanza kukinyonya, akalala.

Nilikaa pale kwenye jua kali. Nilikuwa na miaka tisa lakini mwiko niliujua. Bibi alisema Mgendi yu hai. Kama yu hai, nimempa mtoto jina lake, na huko aliko sasa hivi ananyang'anywa. Na kama amekufa, basi mimi, mimi Njaa wa foleni ya uji, ndiye niliyejua kabla ya mama yake.

Nilimrudisha kitandani kwa mama, nikafuta kigoda kwa gauni langu, sikusema kitu. Alipoamka alilia kama mwanzo. Nafikiri sasa kwamba jina la kunong'onwa halikumtosha. Alitaka aitwe mbele za watu.

Ijumaa baba aliazima baiskeli ya mwalimu, akampakia mama na mtoto mpaka hospitali Butiama. Jioni wakarudi. Wamempima, hawakuona ugonjwa, wamesema aendelee kunyweshwa kwa kijiko na Jumatatu arudi. Mama alipomfungua khanga niliona utosi wake umebonyea, ngozi ya shingo imelegea. Kulia kwenyewe kulikuwa kumepungua sauti. Nilimsikia mama akimwambia baba, "Baba Nyanjara, Jumatatu hafiki huyu." Baba alitoka nje akasimama anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Na mimi dawa nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tena maishani, hata siku ya kujifungua mwanangu. Nikisema, mtoto wa bibi anakufa. Nikinyamaza, mtoto wa mama anakufa. Hakuna mtu mzima aliyejua kwamba jambo hilo amekabidhiwa mtoto wa darasa la tatu.

Jumamosi asubuhi bibi alikuwa uani anapeta mtama. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya ungo.

"Bibi, nikikwambia kitu utanipiga?"

"Itategemea na kitu chenyewe, mke mwenzangu."

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kuchanganya mwanzo na mwisho, kamasi zinanitoka. Aliendelea kupeta. Nilipotaja kigoda, ungo ukasimama.

"Siku gani?"

"Alhamisi. Mchana. Ulikuwa umekwenda kuchuma majani."

"Ulimwita kwa sauti?"

"Nilinong'ona."

"Naye akafanyaje?"

"Akalala, bibi. Akashusha pumzi hivi, akalala."

Aliangaza macho uani. Nilidhani anatafuta fimbo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Alionekana kafurahi?"

Nikasema ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa, mtoto alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Bibi akaweka ungo chini. Akaingia ndani akatoka na lile bakuli la maua, akaligeuza kifudifudi juu ya kigoda. Akajifunga khanga kiunoni, akasogea katikati ya uwanja, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba.

Wasiolijua yowe la kwetu siwezi kuwaeleza. Linaanzia juu na haliteremki. Mama Bhoke alikuja mbio na unga mikononi. Wakaja wa ng'ambo ya shamba, wakaja waliokuwa njiani, wote wakitazama mlango wa nyumba, wakijua ni kile kichanga.

"Ni mtoto? Mama, ni mtoto?"

"Ni Mgendi," bibi alisema. "Mwanangu Mgendi amekufa. Nililieni mwanangu."

Walisimama kidogo wakitazamana. Kisha mzee mmoja, wa kwanza kuzuiwa na bibi mlangoni miaka kumi na saba nyuma, akavua kofia akaanza kulia kwa sauti, na wote wakafuata. Walilia kilio walichokuwa wamekitunza miaka yote ile. Baba alifika anakimbia na jembe begani, akamkuta mama yake amelala kifudifudi mavumbini na watu wanalia, akaniuliza mimi, "Kuna nini?"

Jua lilipopanda bibi akainuka, akanawa uso, akaingia ndani na vumbi lake nguoni. Wanawake wakamfuata. Akamchukua mtoto mikononi mwa mama, akamtazama, akamrudisha kwenye titi.

"Mgendi," akamwita. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula.

Mtoto akashika. Tuliisikia ile sauti ya kumeza, chumba kizima kiliisikia, na mama akaangua kilio na kicheko pamoja. Wengine walipiga vigelegele, na machozi ya msiba hayajakauka. Mimi nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya ghala. Sikuweza kufurahi. Nilijiambia, tumemlipia huyu kwa yule, na aliyeanza ni mimi.

Ulipita kama mwezi. Mtoto akanenepa, akawa na mashavu ya kuchekesha. Siku moja natoka shule, nikapishana njiani na mzee mmoja mgeni anasukuma baiskeli, amevaa koti la mvua wakati wa jua. Nyumbani nikamkuta bibi amekaa peke yake na begi dogo la kijani miguuni. Mkononi alishika karatasi ya daftari iliyokunjwa.

"Barua imetoka ziwani," akasema. "Njoo unisomee, baba yako amekwenda Bunda."

Bibi hakujua kusoma. Mimi nilijua, na nilijivuna nalo sana, nikaipokea na kuanza kwa sauti ya shuleni. Iliandikwa na katibu wa wavuvi wa kisiwa kimoja. Alisema kwamba mwenzao waliyeishi naye miaka mingi, ambaye hakupenda kuulizwa atokako, aliugua homa, akiwa hoi ndipo akataja kwamba kwao ni Buswahili na mama yake ni fulani. Kwamba wamemzika vizuri. Kwamba nguo zake ndizo hizo. Kwamba alifariki siku ya Alhamisi, mchana.

Na tarehe ilikuwepo. Nilihesabu kwa vidole vya mguuni, ndani ya kiatu, ili asinione. Ilikuwa Alhamisi ileile.

Bibi alikuwa ananitazama, ametulia.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Jumamosi," nikasema. "Imeandikwa Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Ile ya kabla. Jumamosi, halafu Jumapili mtoto akazaliwa."

Nilikuwa nimeshika barua mbele ya uso ili nijifiche.

"Basi," bibi akasema. "Basi alikuwa ameshakufa kabla hujafungua mdomo. Alikuja mwenyewe. Wewe uliambiwa tu, kwa sababu ulikaa karibu." Akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaiingiza jikoni kwenye moto. "Imeshasomwa," akasema. "Inatosha."

Ah, nilivyopumua! Niliona nimeponea kwenye tundu la sindano. Baba hataisoma, mama hataisoma, hakuna atakayejua. Nikafungua begi nikamsaidia kutoa vitu. Shati mbili, wembe, kioo kidogo cha kunyolea, na chini kabisa katambuga, kuukuu, zimeshonwa na kushonwa upya kwa nailoni ya nyavu. Bibi alizishika moja kila mkono. "Si nilisema?" akawa anaziambia. "Si niliwaambia?"

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Niliibeba Alhamisi ile peke yangu, mpaka chuoni, mpaka ndoani. Chuoni nilijifunza maneno ya kujitetea: homa za visiwani, gesi, watu wawili kupatwa na mambo mawili mchana mmoja. Yalinisaidia mchana. Kila nilipomtazama mdogo wangu akila, nilimwona na yule mwingine. Na yeye Mgendi, ukitaka kujua habari za majina na maana zake, ni mtu asiyependa safari kuliko wote niliowahi kuwajua. Ana duka la vifaa vya ujenzi Bunda. Kuja Musoma kwenye harusi ya binti yangu alilalamika mgongo wiki nzima.

Mwaka jana binti yangu alijifungua. Baba alikuwa hapa kwangu Kigera, amezeeka, anatibiwa macho. Binti amekaa kwenye kochi na simu yake anasoma majina ya Kiafrika, hili nyota, hili zawadi, hili aliyengojewa, na babu yake anacheka kwa kila moja. Binti alipotoka kwenda kuoga, baba akaniambia, bila mimi kumuuliza:

"Bibi yako alijua ile siku."

"Siku gani, baba?"

"Yule mzee wa baiskeli alimwambia kwa mdomo, kabla hujatoka shule. Alhamisi, jua likiwa utosini. Aliniambia mama mwenyewe siku zile anakaribia kufa. Alisema alikupa barua kwa sababu alikuona unavyokonda. Alitaka akupe nafasi ya kuitua hiyo Alhamisi, uilie, naye akubembeleze. Wewe ukasema Jumamosi." Baba alicheka kidogo, akafuta jicho bovu. "Akasema, nikaona mtoto ananionea huruma mimi. Basi nikaipokea hiyo Jumamosi yake."

Niliinuka nikaenda jikoni nikafungua bomba, ili maji yapige kelele.

Kwa hiyo alijua. Yeye aliyeamini mwiko kuliko mtu yeyote, aliyehesabu siku bila kujua kusoma, alijua kwa hesabu zake kwamba mjukuu wake ndiye aliyemwita mwanawe kutoka duniani akiwa bado anapumua. Mimi leo naweza kusema ni homa. Yeye hakuwa na homa ya kusingizia. Na miaka kumi na mmoja hakuninyima kiazi, hakuacha kuniita mke mwenzangu, hakunitazama hata mara moja kwa jicho lililokaa sekunde moja zaidi. Nimetafuta kwenye kumbukumbu zangu zote siku ambayo huenda alinichukia, sijaiona.

Nimekumbuka kitu kimoja tu. Jioni ya siku ile ya barua, lile bakuli la maua lilikuwa bado kifudifudi juu ya kigoda tangu siku ya msiba. Bibi alilichukua, akaliosha, akakata kipande cha ugali akakiweka humo kama zamani, na samaki juu yake. Hakulifunika. Alinipa mimi, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Na jioni iliyofuata, na zote zilizofuata. Nilikula nikidhani ananiongezea kwa sababu nakua.